RAM ya kompyuta ya steshenari: kutoka 4 hadi 16

Mafundi wengi wa mtaani kwetu wana dawa moja kwa kila kompyuta inayosota: piga Windows upya. Deskitopu ya steshenari yangu, Dell OptiPlex 7010 ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha tatu, ilishapigwa Windows upya mpaka nikachoka kuhamisha faili za wateja. Wiki moja inakwenda vizuri, kisha mambo yanarudi palepale. Mwanafunzi anajaza maombi ya mkopo, mimi nimefungua Photoshop nikate picha za pasipoti, mwingine anataka CV yake irekebishwe kwenye Word. Mausi inaganda. Foleni inaanza kuguna.

Kama nawe una mashine ya hivi, kabla hujamwita mtu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Yangu ilikuwa na 4GB za RAM, yaani memori ya muda ambamo programu ulizofungua hukaa, na zaidi ya asilimia 90 imeshaliwa. Hata hizo 4 huzipati zote, maana mashine isiyo na kadi yake ya picha inamega sehemu ya RAM kwa ajili ya skrini. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia mambo kwenye hard disk, na hard disk ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo hata kidogo. Ndiyo maana taa ya diski pale mbele ilikuwa inawaka bila kupumzika. Sasa hapo Windows mpya itasaidia nini? Ukurasa huohuo unaonyesha pia sloti ulizonazo, yaani nafasi za kuchomekea RAM: mimi nilikuwa nazo nne, mbili zina 2GB kila moja, mbili tupu.

Kununua ndiko kwenye mitego. Kariakoo kijana mmoja aliniwekea mezani RAM ya 16GB, DDR3, kizazi kinachotumiwa na mashine yangu, kwa bei karibu sawa na ya 8. "Dada, chukua hii, utanishukuru." Nikaigeuza nikasoma kibandiko: PC3-12800R. Ile herufi ya mwisho ndiyo yenye habari yote. R ni RAM ya seva. Inaingia kwenye sloti vizuri tu, ina pini 240 kama nyingine, lakini deskitopu ya kawaida haiwaki nayo. S ni ya laptop, fupi. Ya kwetu sisi ni U. Zipo pia za 8GB mpya kabisa, za bei poa, zimeandikwa ni za AMD. Kwenye Intel ya zamani kama yangu usijaribu. DDR4, kizazi kilichofuata, ndiyo haina hata ubishi, mkato wake uko sehemu nyingine, haiingii.

Nikachukua mbili za 8GB, zilizotumika, PC3-12800U zote, kwa elfu thelathini na tano kila moja baada ya kuvutana. Kwa nini mbili na si moja? Zikiwa pacha, prosesa inazisoma zote mbili kwa wakati mmoja, na grafiki za ndani zinanufaika sana kwa hilo.

Kufunga ni kazi ndogo. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, vuta kitasa cha ubavuni, mfuniko unatoka bila bisibisi. Vumbi nililolikuta humo sitalielezea. Shika chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli utoke mwilini. Sloti mbili zina vishikizo vyeupe na mbili vyeusi. Pacha wanakaa kwenye vyeupe, wale wa zamani wa 2GB nikawatoa. Zile pini za dhahabu zilikuwa na weusiweusi, nikazipitishia raba ya penseli taratibu, raba ninazo boksi zima dukani, kisha nikafuta kwa kitambaa kikavu. Sukuma kwa vidole gumba pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Utasikia "ta!" Mtu anayeogopa kukandamiza ndiye anayeishia kuona skrini nyeusi.

Nilipowasha, Dell ikasimama na ujumbe kwamba kiasi cha memori kimebadilika. Si kosa, bonyeza F1 uendelee. Usiku nikaiachia Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, kwa sababu RAM ya mtumba inaweza kuonekana nzima na bado ikakuharibia faili. Asubuhi hakukuwa na kosa hata moja.

Sasa Photoshop, Word na kurasa za Chrome zinakaa pamoja bila ugomvi, na taa ya diski imetulia. Kuwaka asubuhi ni kulekule, bado nafagia duka ndiyo inamaliza. Hiyo ni kazi ya SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, na SSD ndiyo inayofuata.

Mtu aliniuliza kwa nini nisijaze 32 kabisa, maana bodi inazikubali. Kwa sababu Windows 11 haiitambui rasmi i5 ya kizazi cha tatu, inataka kuanzia cha nane, na msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Hata ningejaza sloti zote, hilo lisingebadilika. Hela ya 16 nyingine nimeiweka kando kwa ajili ya mashine nyingine.