Na wewe dada, unalala?

Leo nimempeleka kaka kuchomwa sindano yake ya mwezi. Mwaka wa tisa huu tangu aanze kuumwa. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, walimlaza, akatulia, wakamruhusu. Tangu hapo wodi ni chumba cha uani kwa mama, na muuguzi ni mimi.

Usiku nalala nusu nusu. Komeo la mlango likiguswa tu nimeshasimama, khanga kiunoni, tochi ya simu mkononi. Akikosa usingizi siku mbili tatu najua inarudi: anaongea na redio iliyozimwa, chai haigusi, anasema imetiwa kitu. Basi naionja kwanza mimi mbele yake, ndipo naye anakunywa.

Genge langu la mboga lilikufa 2021. Kumuuguza sijuti, ni damu yangu. Ila miaka yote hii watu huuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Leo nesi, baada ya kumchoma, akanigeukia: "Na wewe dada, unalala?" Nikashindwa kujibu. Nililia pale pale kwenye benchi, na kaka ndiye aliyenishika bega: "Pole, mdogo wangu."

Ndugu zangu, hela ya bodaboda kwenda kliniki inasaidia, asanteni sana. Lakini njooni pia mkae naye Jumamosi, hata kwa masaa matatu tu. Chezeni naye bao, anafunga watu vizuri sana. Mimi niende nikasuke, au nilale tu. Shangazi ameshasema wiki hii anakuja. Wiki ijayo nani?