Chombo cha Mrusi

Kitabu chenyewe kililetwa na khalati, dada wa mama, amekifunga ndani ya foronya. Wakati ule alikuwa akifua shuka katika nyumba moja ya wageni hapo Mkomani, na Wazungu walikuwa na tabia ya kuacha vitabu mvunguni likizo zao zikiisha, kama watu waachavyo maganda ya machungwa. Vingi vilikuwa vya mapenzi, na hivyo mama alivizuia mlangoni. Hiki kilikuwa na picha ya mtu mwenye joho jeusi. Mama alikitazama mbele, akakitazama nyuma, akasema, "Hiki hakina mabusu," akanipa. (Yamo, lakini si ya kawaida.)

Ilikuwa Agosti 1991, nami nimerudi Lamu kwa likizo kutoka bweni Mombasa, kidato cha pili. Vitabu vya upelelezi vilikuwa vimeshaniteka. Shuleni tulikuwa na nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, kile cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja kilichotoka 1960, imesomwa hadi kurasa zimelegea kama kitambaa cha kufutia vyombo. Bwana Msa, mpelelezi wake, na kiko chake nilimpenda kuliko mwanamume yeyote niliyemjua, ukimtoa babu.

Babu alikuwa nahodha mstaafu. Miaka mingi alipeleka boriti Arabuni na kurudi na tende na chumvi, mpaka mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili. Alibaki kushinda baraza ya pwani, kahawa tungu mkononi, akiulizia kila chombo kinachoingia kimebeba nini. Usiku alikuwa mpweke. Umeme ulikatika karibu kila siku baada ya Magharibi, kusi inavuma, redio imekwisha betri. Ndipo akaniambia kwa Kiamu, "Ndoo hapa. Nisomee hicho cha Wazungu."

Basi nikawa nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti, kandili kati yetu. Dracula, cha Bram Stoker, kilichotoka 1897, hadithi ya mfu anyonyaye damu za watu. Mwanzo wake wote ni wakili kijana aliyekwama katika ngome milimani, na babu hakuutilia maanani hata kidogo. Nilipofika mahali mwenye ngome anateremka ukutani usiku, kichwa chini, nilipunguza sauti kwa makusudi ili nimtishe. Babu akasema, "Kama mjusi kafiri," akacheka, akalala. Nilibaki peke yangu na zile zidaka za ukutani, kila kimoja kina giza lake, na popo wanapita kiwandani, yaani uani. Nyumba zetu za mawe hazina haja ya kuigiza ngome ya mtu.

Usiku wa nne tukafika kwenye meli.

Nilimwambia kuwa sasa ni daftari la nahodha. Babu akaketi. Nikasoma: chombo kinaitwa Demeter, cha Warusi, kimetoka bandari ya Varna kwenda Whitby, Uingereza, mwezi wa Julai. Mabaharia watano, maserahangi wawili, mpishi mmoja na nahodha mwenyewe.

"Tisa," alisema babu, akatoa tasbihi mfukoni akatenga punje tisa. "Wamepakia nini?"

Hapo nilikwama, maana neno la Kiingereza silijui. Nikasema wamejaza mchanga tumboni mwa chombo ili kisiyumbe.

"Farumi," akanisahihisha. "Mtanga ni farumi. Nakuuliza shehena."

"Masanduku makubwa ya mbao. Mna udongo."

"Udongo wa nini?"

"Udongo tu, babu."

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Amebeba boriti, amebeba chokaa, tende, chumvi, mazulia, na safari moja mbuzi arubaini ambao hataki kuwakumbuka. Hajapata kuona mtu akalipa nauli ya udongo, kana kwamba anakokwenda hakuna nti. "Mwenye shehena hiyo ndiye mbaya wenu," akasema. "Wamtafute humo masandukuni."

Nikafunga kitabu nikamkodolea macho. Mwandishi ana profesa mzima, amemtoa Amsterdam, na huyo profesa na wenzake watapoteza kurasa mia kadhaa kabla hawajaanza kuyawinda masanduku. Babu alimaliza kazi hiyo kabla kandili haijahitaji mafuta.

Nikaendelea. Baharia mmoja anatoweka usiku zamu yake, haonekani. Babu akasogeza punje moja upande wa pili. Mwingine anaapa ameona mtu mrefu, mwembamba, anatembea juu ya sitaha wakati wa mvua, na si mmoja wao. Wanakagua chombo kizima, hawakuti mtu. Punje ya pili. Kila punje ilipogonga mwenzake nilisikia kama mlango unafungwa mahali fulani ndani ya nyumba. Walipofika karibu na Uingereza wamebaki wanne, na ukungu umewafunika siku mbili huku chombo kinakwenda mbio.

"Kinakwenda kwa nini?" babu akauliza.

"Upepo."

"Upepo na ukungu havilali kitanda kimoja. Hapo mna mkono wa mtu."

Kisha nikasoma pale nahodha anapoandika kuwa hathubutu kushusha matanga, kwa sababu akishayashusha hana watu wa kuyapandisha tena, basi anaacha chombo kikimbie mbele ya upepo kiendako. Babu alipiga goti lake. "Hilo kweli! Foromali haipandi kwa mikono ya watu wawili. Aliyeandika haya, ama amesafiri, ama amekaa baraza moja na waliosafiri." (Foromali ni mti unaobeba tanga.)

Maneno hayo niliyachukulia kuwa ya mzee anayejisifia kazi yake. Ilinichukua miaka mingi kusoma kwamba Stoker alikwenda kupumzika Whitby mwaka 1890, akawa anazungumza na watu wa pwani pale, na kwamba miaka mitano kabla, Oktoba 1885, chombo cha Warusi kiitwacho Dmitry, kilichotoka Narva, kilikuwa kimepanda mchangani bandarini humo humo wakati wa tufani. Farumi yake ilikuwa mchanga.

Filamu nayo nilikuja kuiona Mombasa, ya 1931, ile ambayo Bela Lugosi ndiye Dracula, kwenye mkanda wa video uliokuwa ukikwaruza. Nilikwenda kwa ajili ya meli. Meli yenyewe wameibadilisha jina, wanaiita Vesta, na safari nzima inapita kabla hujamaliza kupangusa miwani: tufani kidogo, kivuli cha maiti kwenye usukani, na mwendawazimu anacheka chini ngamani. Hakuna daftari wala mtu anayehesabu. Badala yake ndani ya ngome wametia wanyama wanaofanana na kakakuona, wanatambaa kando ya majeneza, na mpaka leo sijui kakakuona wa Marekani anafanya nini katika milima ya Ulaya. Lakini Lugosi namsamehe mengi. Hatoi meno hata mara moja filamu nzima, anatazama tu. Mwenye nyumba tuliyokuwa tukitazamia aliondoka kwenda kuwasha taa ya uani.

Turudi kwa babu. Punje imebaki moja. Nikasoma gazeti la tarehe 8 Agosti linavyosimulia: tufani usiku, mji mzima umetoka kutazama, taa kubwa ya bandari inamulika chombo kinachoingia matanga yote juu, na kwenye usukani maiti, kichwa kinayumba huku na huku. Mikono yake imefungwa kwenye usukani kwa kamba, na pamoja nayo msalaba na tasbihi ya Kikristo. Hapo nilisita, nikamtazama. Babu akasema, "Soma. Kila mtu hufa na lake."

Kisha akanizuia kwa kidole. "Mikono yote miwili imefungwa?"

"Yote miwili."

"Na chomboni hapana mtu mwingine."

"Hapana."

"Basi nani aliyemfunga?"

Bwana Msa mwenyewe asingeliuliza vizuri zaidi. Ndani ya kitabu jibu lipo mistari michache mbele, lakini babu alinikataza kusoma. Alitaka kulipata mwenyewe. Akanituma nilete kamba ya usumba iliyokuwa ikifungia mikeka, akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, akajaribu kuizungusha kamba kwa vidole tu. Ikaanguka. Akajaribu tena kwa kubana na kiwiko. Ikaanguka. Mara ya tatu alitulia, akainamisha kichwa, akaishika ncha kwa meno.

Taabu ni kwamba babu alibakiwa na meno matano, na hakuna hata mawili yaliyokutana.

"Wewe," akasema, akitema nyuzi za usumba. "Wewe una meno."

Nikapiga magoti kwenye sakafu, nikakumbatia mguu wa kitanda cha samadari kama ndio usukani wa Demeter. Kamba ya usumba ina ladha ya chumvi na vumbi, na inachoma midomo. Babu, asiyeona vizuri, alinielekeza kwa kupapasa: pitisha chini, zungusha mara mbili, sasa uma, sasa vuta kwa shingo. Fundo likakaza. Lilikaza vizuri sana. Nilipotaka kujitoa sikuweza, na kadiri nilivyovuta ndivyo lilivyozidi kuniuma viganjani, na babu akawa anacheka kwa furaha mpaka anakohoa: "Kwa meno! Alijifunga mwenyewe kwa meno! Mwanamume!"

Ndivyo mama alivyotukuta alipoingia na kibatari. Binti yake amefungwa kwenye mguu wa kitanda, mdomo una damu kidogo, na mzee kando yake anamsifu maiti. Kitabu kilifungiwa kabatini siku mbili.

Asubuhi yake babu alishuka pwani mapema kuliko kawaida. Sikuwapo barazani, kwa hiyo siwezi kusema alivyokisimulia kisa hicho. Najua tu kwamba babu hakuwa na desturi ya kuanza hadithi kwa "paukwa." Alianzia kwenye jina la chombo na walichopakia, kama alivyozoea.

Siku ya pili, wakati wa alasiri, jirani alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akakaa kuliko ilivyohitajika. Akamwuliza mama kama tumesikia habari ya chombo cha Mrusi. Kimepanda mwamba upande wa Kipungani, hakuna mtu ndani ila nahodha, amekufa amefungwa kwenye usukani. Nilikuwa napepeta mchele. Nikainamisha uso karibu na ungo. Khalati alirudi kazini na habari zaidi: jibwa kubwa jeusi liliruka kutoka chomboni likakimbilia nchi kavu.

Lamu ni mji wa paka na punda. Jibwa la kuja na meli ya wafu lilikuwa jambo jingine kabisa. Kabla ya Magharibi akina mama wa mtaa wetu walikuwa wanawaita watoto ndani, na kijana aletaye maji kwa punda aligoma kurudi mara ya pili. Mimi nilijua lilikotoka jibwa hilo. Nilijua na ukurasa. Hata hivyo nilipotumwa juu kuanua nguo, nilikwenda mbio na sikutazama zidaka.

Babu aliingia wakati adhana inaadhiniwa, jambo lisilokuwa desturi yake; Magharibi husali msikitini. Akaketi, akavua kofia, akaiweka magotini.

"Wasema limeonekana Shela," akaniambia kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Hebu kitafute kile kitabu. Wameandika lilielekea wapi?"

Nikakitoa kabatini, nikafungua kando ya dirisha kungali na mwanga. Lilikimbilia juu ya jabali, nikasoma, upande wa makaburini, likapotea gizani. Kesho yake walilitafuta mji mzima wasilione.

"Wasilione," babu akasema.

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye tekani, ukumbi wa kuingilia, nikasikia komeo la mlango mkubwa likiingia mahali pake.