Jina la Pikipiki Hutengenezwa Kituo cha Mafuta

Miaka michache iliyopita nilisimama kujaza mafuta nikiwa na pikipiki yangu ya masafa marefu, ambayo nilikuwa nimeinunua kwa mtu aliyeitembeza kwa miaka kadhaa. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake aliizunguka mara mbili, akaligonga sanduku la pembeni kwa kifundo cha kidole, akainama kuitazama shafti inayozungusha gurudumu la nyuma. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza, “Mwanangu, mashine hii haikusumbui?” Nikamjibu bila hata kufikiri, “Haijawahi, mzee wangu.” Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimelala chini ya mashine hiyo hiyo, maji ya rejeta yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko, nikibadilisha sili ya pampu ya maji, na kucha zangu zilikuwa bado na weusi wa kazi ile. Mzee hakuziangalia. Aliondoka ameridhika, na sina shaka kwamba amekwisha kuwaambia watu wawili watatu kuwa alikutana na mwenye pikipiki ya aina ile na kwamba haijawahi kumsumbua.

Uongo ule ulinikaa moyoni kwa muda mrefu, si kwa ukubwa wake, bali kwa sababu hakuna aliyenilipa niuseme. Kiwanda kilichoitengeneza hakinijui. Niliusema kwa sababu pikipiki ile ilikuwa imekula akiba yangu ya miaka, na kukiri mbele ya mtu nisiyemjua kwamba inavuja kungekuwa sawa na kukiri kwamba sikujua kuchagua. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye pikipiki hawezi kuwa shahidi asiye na upande. Hata hivyo, kila ninapoitazama historia ya pikipiki za safari, naona kwamba jina la pikipiki hujengwa zaidi na watu wa aina yangu, pamoja na chumvi yetu, kuliko na matangazo. Watu wa masoko mara nyingi hufika baadaye, wakaliokota jina lililokwisha kutengenezwa barabarani, wakalifuta vumbi na kutuuzia sisi wenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Honda Gold Wing. Ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Cologne, Ujerumani, mwaka 1974, haikuwa na kioo kikubwa cha kukinga upepo wala sanduku hata moja. Ilikuwa pikipiki iliyo uchi, yenye injini ya silinda nne zilizolala ubavu, ujazo wa cc 999, inayopozwa kwa maji na kuendesha gurudumu kwa shafti badala ya mnyororo. Kile kilichoonekana kuwa tangi mbele ya mwendeshaji hakikuwa tangi. Mafuta yalikaa chini ya kiti, ili uzito ushuke karibu na ardhi. Honda ilitaka pikipiki kubwa, yenye kasi na nguvu, ambayo ingeonesha ulimwengu uwezo wa mafundi wake. Waendeshaji wa Marekani waliiona kwa jicho jingine: injini isiyotetemeka, mnyororo usiohitaji kupakwa grisi kwa sababu haupo, na mgongo wenye nguvu ya kubeba mtu, mwenzake na mizigo yao. Wakaenda kununua vikinga upepo kwa Craig Vetter, aliyekuwa akivitengeneza katika jimbo la Illinois kwa jina la Windjammer, wakafunga masanduku ya kampuni nyingine na viti vya kampuni nyingine tena, hadi pikipiki iliyokuwa njiani ikawa haifanani na ile iliyotoka kiwandani.

Honda iliona fedha hizo zikipita pembeni. Mwaka 1980 ikatoa Gold Wing ya cc 1100, pamoja na toleo lililoitwa Interstate ambalo lilitoka kiwandani likiwa na kikinga upepo na masanduku yake kamili. Miaka miwili baadaye likaja toleo la kifahari zaidi lililoitwa Aspencade, jina ambalo halikubuniwa na mtu wa matangazo ofisini. Lilikuwa jina la mkusanyiko wa waendeshaji pikipiki. Sijui mfano mwingine unaoonesha waziwazi namna hii jina likitoka kwa waendeshaji, likaingia kiwandani na kurudi kwao likiwa limebandikwa bei. Baada ya hapo njia ilikuwa imekwisha kuchorwa. Mwaka 1988 zikaja silinda sita na uwezo wa kurudi nyuma kwa msaada wa mota ya kuwashia injini, na mwaka 2001 injini ikafika cc 1832. Kila hatua ilikwenda kule ambako wenye Windjammer walikuwa wameelekeza tangu mwanzo.

Lakini sehemu ya hadithi hii inayonivutia zaidi haihusu chuma. Mwaka 1977 waendeshaji wa Gold Wing walianzisha chama chao, Gold Wing Road Riders Association, ambacho kilidumu hadi mwaka 2022. Pamoja na mafunzo ya uendeshaji salama na mikutano, chama hicho kilikuwa na kitabu cha majina na namba za simu za wanachama, na mwanachama aliweza kuonesha humo msaada anaoweza kumpa msafiri: huyu ana gari la kubebea pikipiki, huyu ana vifaa vya ufundi, huyu ana nafasi ya mtu kulala. Hebu fikiria maana yake kwa sifa ya pikipiki. Mtu aliyeharibikiwa jioni mahali asipomjua yeyote alifungua kitabu, akapiga simu, na baada ya saa moja akawa kwenye karakana ya mtu mwenye pikipiki kama yake, akinyweshwa kitu cha moto huku jenereta ikifunguliwa. Akirudi kwao hasimulii kwamba pikipiki iliharibika. Anasimulia wema aliotendewa. Gold Wing ina haki ya kusifiwa kwa uimara wa injini yake, silipingi hilo, ila nina hakika kwamba sehemu ya sifa hiyo ilitoka kwenye kitabu cha simu. Harley-Davidson nayo ililielewa jambo hili mapema: mwaka 1983, wakati jina lake lilikuwa bado na madoa ya mafuta yaliyokuwa yakivuja enzi ilipomilikiwa na kampuni ya AMF, ilianzisha yenyewe chama cha wenye Harley, bila kungoja waendeshaji wajikusanye.

Pikipiki ya masafa inategemea masimulizi kuliko aina nyingine kwa sababu ubaya wake huchelewa kujitokeza. Pikipiki ya mbio unaweza kuijua kwa asubuhi moja. Ya safari hujifunua baada ya saa sita, pale upepo unaopita juu ya kioo unapoanza kuitikisa kofia yako kama mtu anayekuamsha usingizini, joto la injini linapopanda hadi kwenye paja la kulia, na kiti kilichokuwa laini kama mto wakati wa kuijaribu kinapogeuka kuwa ubao. Hakuna mnunuzi anayeruhusiwa kuijaribu kwa saa sita. Kwa hiyo humuuliza aliyekwisha kuinunua, yaani mtu kama mimi, mwenye kucha nyeusi na jibu lililo tayari.

Hata masimulizi ya kweli yana kasoro yake. Iron Butt Association, chama cha Marekani cha waendeshaji wa masafa marefu, humpa cheti mwendeshaji anayethibitisha kwamba amekwenda maili 1,000, sawa na kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Ni jambo la kuheshimiwa, na pikipiki iliyofanikisha safari hiyo hupata jina. Ukiichunguza pikipiki yenyewe, hata hivyo, mara nyingi utakuta kiti kimeshonwa upya kwa kipimo cha mwenyewe, kioo kimebadilishwa, na pengine tangi la ziada limefungwa nyuma. Anayesikia habari huenda dukani kununua pikipiki ambayo haikufanya safari ile.

BMW ilipata jina kwa njia nyingine. R80 G/S ilitoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo mbio za Paris hadi Dakar. Hilo lilikuwa tangazo la kawaida, la ushindi. Jambo lililoigeuza GS, kama ukoo huo wa pikipiki ulivyokuja kuitwa, kuwa picha inayomjia karibu kila mtu anaposikia neno safari lilikuja mwaka 2004, pale waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipozunguka kutoka London hadi New York wakielekea mashariki, huku wakirekodiwa kwa ajili ya televisheni. Walikuwa wametaka pikipiki za KTM. Kampuni hiyo ikakataa, na BMW ikawapa R1150GS Adventure. Wachache wanaoisifu safari hiyo hukumbuka kwamba pikipiki ya mpiga picha wao iliharibika wakiwa Mongolia, naye akaendelea kwa muda na Izh, pikipiki rahisi ya Kirusi. Kama ningekuwa mwuzaji wa Izh ningeichapisha picha hiyo hadi leo. Kwa bahati ya BMW, watazamaji hawakuona udhaifu; waliona mashujaa wenye masanduku ya alumini, na masanduku hayo sasa hufungwa hata kwenye pikipiki zisizokwenda mbali kuliko ofisini.

Tuna methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa pikipiki ya safari methali hii inachekesha kidogo, maana kujitembeza ndiyo kazi yake, na kizuri kinaweza kukaa dukani hadi kipauke. Mwaka 1989 Honda ilitoa Pacific Coast, ya cc 800, iliyofunikwa plastiki kuanzia mbele hadi nyuma, injini isionekane kabisa, na chini ya kiti cha nyuma ilikuwa na buti lenye mfuniko kama la gari. Ililenga watu wa ofisini ambao hawakuwa waendeshaji. Watu hao hawakuja, na waendeshaji wa zamani walipoitazama wakaona kitu kisichotaka kuitwa pikipiki. Ilikoma mwaka 1998. Baadaye, ilipokwisha kuwa ya bei nafuu, ikaangukia mikononi mwa watu waliotaka kusafiri tu, wakagundua kwamba vali zake hazihitaji kurekebishwa, shafti yake haidai matunzo mengi, na mzigo wa wiki nzima unaingia ndani bila mfuko wa ziada. Leo ina wapenzi ambao hawakubali kuiuza. Tangazo liliitafutia watu wasiokuwapo. Waliokuwapo waliipata wenyewe, bila tangazo.

Jina likikomaa, mwenye kiwanda hawezi kulishika tena. Mwaka 2018 Honda iliifanyia Gold Wing mabadiliko makubwa: ikaipunguza uzito, ikaipa mfumo mpya wa kupunguza mtikisiko wa gurudumu la mbele, wenye mikono miwili, ikataka kumvutia mwendeshaji kijana. Nafasi ya mizigo ikashuka kutoka takriban lita 150 hadi 110. Wenye Gold Wing, ambao kwa zaidi ya miaka arobaini walikuwa wameifundisha dunia kwamba pikipiki hii ni ya watu wawili na mizigo yao, hawakuzungumzia mfumo mpya wa mbele. Walizungumzia sanduku la nyuma, ambalo kofia mbili kubwa hazikuenea vizuri. Mwaka 2021 sanduku hilo likaongezwa kutoka lita 50 hadi 61, na kofia mbili zikaingia.

Juzi nimeulizwa tena lile swali la yule mzee, safari hii na kijana aliyetaka kununua pikipiki kama yangu. Niliamua kusema yote. Nikamweleza kuhusu sili ya pampu, ugumu wa kuifikia bila kung’oa plastiki zote za upande mmoja, na siku mbili nilizopoteza kwa kufunga boliti moja vibaya. Alinisikiliza kwa makini hadi mwisho, akaipapasa ile pikipiki kwenye tangi, akasema, “Sili tu, kaka? Kumbe kweli haisumbui.”