Jioni moja Invalides, na bwana aliyepiga upinde kwa mguu

Tiketi moja ya metro ya Paris ilikuwa euro nne. Mimi na mdogo wangu tuliisoma bei hiyo kwenye mashine, tukaisoma tena, mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuguna. Kwa kawaida wakati huo ilikuwa euro 2.15, lakini kuanzia Julai 20 hadi Septemba 8, 2024, kwa ajili ya Olimpiki na Paralimpiki, walikuwa wameipandisha karibu maradufu. Ongeza ada ya viza ya Schengen, ambayo Juni ile ile ilitoka euro 80 ikawa 90. Ongeza basi letu la kutoka Brussels, lililokaa kando ya barabara saa nzima na ushei, dereva anaongea na simu, abiria hatuambiwi kitu. Nilifika Paris nimenuna.

Brussels yenyewe sina la kuisimulia. Nilikwenda kumwona mdogo wangu na mwanawe, tukala, tukapiga soga, basi. Paris lilikuwa wazo lake, maana tiketi za Paralimpiki zilianzia euro 15, na hiyo ndiyo bei pekee katika safari nzima ambayo sikuilalamikia. Mchezo hatukuuchagua. Tuliangalia kipi kina nafasi Jumapili jioni, Septemba mosi, tukapata upigaji mishale.

Uwanja ulikuwa Esplanade des Invalides, majukwaa ya muda yamesimamishwa juu ya nyasi, na kuba la dhahabu la Invalides, jengo la kale la Paris, limesimama pale pale machoni. Viti vigumu, maji bei mbaya. Tulikuwa tunalalamika kwa Kiswahili, kwa sauti, kama watu wanaojua hakuna atakayewasikia, mara bwana mmoja upande wangu wa kushoto akageuka.

“Muko batu ya Kenya?”

Alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo, anaishi Liège, Ubelgiji, mtu mzima wa makamo, ana darubini shingoni. Yeye mwenyewe hupiga upinde katika klabu ya mtaani kwake. Alikuja kumwona Mbelgiji, Piotr Van Montagu, aliyezaliwa bila mikono, naye alikuwa ameshatolewa. Lakini tiketi keshalipa, akabaki kuona fainali. Tukamwita kaka, naye akatuita dada zangu, na kuanzia hapo sikusikia tena ugumu wa kiti.

Fainali ilikuwa ya wanaume wanaotumia upinde wa kisasa uitwao kampaundi, Matt Stutzman wa Marekani na Ai Xinliang wa China. Stutzman alipotokea, naye hana mikono, mdogo wangu akashika kifua, “Maskini jamani.” Yule kaka akamtazama kwa mshangao wa kweli. “Maskini nani? Huyu?” Akanipa darubini.

Kwa hiyo nilimwona kwa karibu. Anakaa kwenye kiti. Mguu mmoja unachukua mshale, vidole vinaupachika kwenye ugwe, yaani uzi wa upinde, taratibu, kwa uhakika, bila kubahatisha. Kisha mguu unashika mpini wa upinde na kuuinua hadi usawa wa uso. Ugwe umenaswa na kifyatulio kilichofungwa kwenye mkanda begani. Hauvuti ugwe kuja kwake kama wengine wafanyavyo. Anaunyoosha mguu, upinde unasukumwa mbele, na ndivyo unavyofunguka. Kichwa kinatulia, jicho linaingia kwenye lenzi ya kulengea, taya inagusa kifyatulio. Mshale unaondoka. Anashusha mguu, anachukua mwingine. Yote hayo ndani ya sekunde 20, maana katika fainali kila mshale una sekunde 20 tu.

Nililelewa Malindi, na upinde si kitu kigeni kwangu. Babu zetu walisimulia habari za Waata, wale tuliowaita Waliangulu, waliowinda ndovu nyika ya Galana na Tsavo kwa mishale yenye sumu ya msunguti, kwa pinde nzito ambazo mtu mwingine angeshindwa hata kuzivuta nusu, mpaka serikali ya kikoloni ilipowasaka na kuwafunga miaka ya 1950. Kwa hiyo nilidhani najua upinde ni nini. Huu wa kampaundi ni chombo kingine. Kaka wa Bukavu alinieleza: kwenye ncha zake kuna makapi, yaani magurudumu madogo, na ugwe unazunguka humo pamoja na nyaya. Aliyeubuni ni Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, akapata hataza mwaka 1969. Unapoanza kuuvuta ni mzito, mashindanoni unaruhusiwa hadi ratili 60, yaani kama kilo 27. Ukishafika mwisho makapi yanageuka na unabaki umeshika sehemu ndogo tu ya uzito ule. Ndiyo maana mpigaji anaweza kutulia na kulenga. Kwenye lenzi kuna pimamaji, kama ile ya fundi mwashi, ya kuonyesha kama upinde umeinama. Kwa upinde wa namna hiyo watu hawashindani nani atapata kumi. Wanashindana nani atakosa.

Shabaha iko mita 50. Duara la kumi lina upana wa sentimita 8, halifiki hata mdomo wa kikombe cha chai. Mishale 15 kila mtu, jumla ya juu kabisa 150.

Sitaweza kueleza nusu saa ile ilivyopita. Kumi, kumi, kumi. Uwanja unalipuka, kisha unanyamaza ghafla mtu anapoinua upinde. Mdogo wangu alinibana mkono mpaka ukabaki na alama. Mchina hakutetereka, na mpaka mishale ya mwisho hakuna aliyethubutu kusema nani atashinda. Ikaisha 149 kwa 147. Stutzman alipoteza pointi moja tu katika fainali nzima, na 149 hiyo ikawa rekodi ya Paralimpiki. Alikuwa na miaka 41.

Kaka wa Bukavu alikuwa analia waziwazi. Watu walipokuwa wanatoka alitusimulia habari za bwana yule, nami tangu siku ile nimezisoma zaidi. Alizaliwa Kansas mwaka 1982, akalelewa na familia ya Iowa iliyomchukua akiwa na miezi 13. Karibu mwaka 2010 hakuwa na kazi na ana familia ya kulisha, akanunua upinde ili awinde. Hakukuwa na mwalimu aliyejua kumfundisha mtu asiye na mikono, akajifundisha mwenyewe. Mwaka 2012 akapata fedha ya Paralimpiki London, akishindwa na Jere Forsberg wa Finland. Mwaka 2015 akapiga shabaha iliyokuwa mita 283.47, rekodi ya dunia. Kisha Rio bila medali, Tokyo bila medali. Miaka 12 kutoka fedha hadi dhahabu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki. Paris hakuwa peke yake tena: wapigaji wasio na mikono walikuwa wanne. Yeye, Van Montagu, Victor Sardina wa Mexico, na msichana wa miaka 17 kutoka milima ya Jammu, India, Sheetal Devi. Siku moja tu kabla ya fainali ile Sheetal alikuwa ametolewa na Mariana Zúñiga wa Chile kwa pointi moja, 138 kwa 137. Siku moja baada ya fainali ile akapata shaba pamoja na Rakesh Kumar, 156 kwa 155 dhidi ya Italia. Walimu wake waliona video za Stutzman, ndipo wakajua kwamba jambo linawezekana na linafanywaje.

Shemeji yangu anafundisha shule ya msingi huko kwetu. Ana mwanafunzi, binti, anayeandika kwa mguu, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa darasa zima. Nyumbani kwao wageni wakija huambiwa akae chumbani. Nilimfikiria usiku kucha. Ni hasira iliyonikosesha usingizi, maana sote tulijua na hakuna aliyesema.

Kabla ya kuagana nilimuuliza yule kaka bei ya upinde wa kampaundi. Alivyonitajia ule wa mashindano nilikaa kimya kidogo. Akasema wa kujifunzia ni nafuu zaidi, na klabu yao huwa na vifaa vya zamani ambavyo wanachama wameacha kuvitumia. Cha muhimu kwanza, alisema, ni urefu wa mguu na urefu wa kiti, kwa sababu upinde hupimwa kufuata mtu. Tulipofika Brussels nikampigia shemeji. Nimempa namba ya yule kaka, na Jumamosi atakwenda nyumbani kwa akina binti na futi ya fundi cherehani, aombe ruhusa ya mama yake kwanza, kisha amuulize mwenyewe kama anataka.