Povu la juu ya dimbwi

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na utotoni mwangu maji tuliyafuata bondeni, upande wa Ruvuma. Kushuka na ndoo tupu ni mchezo, kupanda nayo imejaa ndiyo shughuli. Nilikuwa na miaka 9, mvua za Desemba zimeshaanza, bibi akanichukua tukafue.

Juu ya dimbwi, kwenye tawi, palikuwa na kitu cheupe ukubwa wa embe dodo. Nikakipiga fimbo. Kikadondoka mchangani, kikapasuka. Nje kilikuwa kikavu kama ukoko wa ugali, ndani povu bichi, na humo viluwiluwi vinajipindapinda.

Bibi aliacha nguo. "Mume wangu, umebomoa nyumba ya watu."

Hakunichapa. Alichota povu kwa viganja viwili, na mchanga wake, akalitia majini polepole. Vingine vilizama moja kwa moja. Vingine vikatikisa mkia, vikaenda. Mimi nililia.

Kisha akanionyesha mama mtu, au niliyedhani ni mama mtu: chura amejikunja kwenye shina, jua la saa sita linampiga, rangi yake nyeupe ya majivu. Chura gani huyu anayeota jua?

Nilijibiwa ukubwani. Ni chura wa miti. Jua likiwa kali hujigeuza mweupe. Jike hutoa ute, akaupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, na madume kadhaa humzunguka. Mayai hukaa humo yasikauke, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka wenyewe. Ndiyo maana tawi lazima liwe juu ya maji. Milimani Usambara, kwenye msitu wenye unyevu, wako vyura wa miti wanaofukia mayai ardhini kando ya maji.

Wiki ile bibi aliniona nachungulia matawi kila tukishuka. Siku ya tatu tukakuta povu jingine, na siku kadhaa baadaye, asubuhi, chini yake lilikuwa limelowa na kulegea. Nikachuchumaa. Tone la kwanza likaanguka, na ndani yake mkia mdogo mweusi. Kisha la pili. Bibi alikuwa tayari na ngata kichwani na ndoo juu yake, mlima unatungoja, lakini hakunihimiza.