Hewa ya ukaa ya mafuta mazito: anza kwenye haidrojeni

Bitumini (mafuta mazito kama lami) ya Alberta, Kanada, ina haidrojeni kidogo. Ili isafishike kama mafuta mengine huongezewa haidrojeni, nayo hutengenezwa kwa gesi asilia na mvuke kwenye tanuri. Kazi hiyo huzalisha hewa ya ukaa nyingi, na hapo ndipo ni rahisi kuinasa.

Sababu ni shinikizo. Gesi inayotoka huko ina shinikizo la takriban megapaskali 3, na karibu asilimia 17 yake ni hewa ya ukaa. Moshi wa boila zinazotengeneza mvuke wa kulainisha bitumini ardhini una asilimia 10 hivi au pungufu, hauna msukumo, tena umebeba oksijeni inayoozesha amini, kemikali ya kunyonya hewa ya ukaa. Kuuosha kunadai minara mikubwa mno na mvuke mwingine juu ya ule wa kwanza.

Mradi wa Quest wa kunasa na kuzika hewa ya ukaa, katika mtambo wa bitumini wa Scotford karibu na Edmonton, ulianza mwaka 2015 kwenye haidrojeni. Hunasa takriban tani milioni 1 kwa mwaka, karibu theluthi moja ya hewa ya ukaa ya mtambo ule. Theluthi mbili zilizobaki ndizo ngumu, na tusijidanganye kuhusu hilo.

Gesi hupanda mnarani, amini (aina iitwayo MDEA, iliyochanganywa na kemikali ya piperazini) hushuka ikinyonya hewa ya ukaa. Amini iliyoshiba huenda mnara wa pili, ikapashwa moto, ikaachia, ikapozwa na kurudi. Adui ni povu. Tofauti ya shinikizo kati ya chini na juu ya mnara ikiruka ghafla, limeshaanza. Huletwa na chembe za kutu, mafuta au amini iliyooza. Dawa ya kuua povu hutuliza kwa muda tu. Badilisha vichujio, pamoja na kile cha mkaa. Na juu ya mnara lazima maji yaoshe gesi, la sivyo matone ya amini yatachafua vitanda vya kusafishia haidrojeni.

Jambo linalosahaulika ni vichomeo. Gesi ya mabaki ya kusafisha haidrojeni hurudi kuchomwa tanurini, na hewa ya ukaa iliyokuwamo ilikuwa ikipoza mwali. Ukishaitoa, mwali huwa mkali na oksidi za naitrojeni huongezeka. Quest iliweka vichomeo maalumu na kurudisha sehemu ya moshi tanurini. Panga hili kabla ya kuchora mnara.

Kisha kompresa ya kukandamiza hewa ya ukaa, na glikoli, kimiminika cha kuikausha. Unyevu ukibaki, unaungana na hewa ya ukaa kuwa asidi inayotafuna chuma cha bomba. Wakati wa kumwaga shinikizo la bomba, nenda polepole: chini ya megapaskali 0.52 hewa ya ukaa iliyo kimiminika hugeuka barafu kavu, vali huziba, na chuma kilichopoa sana huwa chepesi kupasuka.

Bomba la kilomita 65 hivi hufika kwenye visima vya kina cha kilomita 2, ndani ya mwamba wa mchanga uliojaa maji ya chumvi, wenye matabaka ya tope gumu na chumvi juu yake. Hewa ya ukaa kavu ikiingia hukausha maji hayo karibu na kisima, chumvi huganda, na vinyweleo vya mwamba hupungua. Shinikizo la kudunga likipanda wakati kiasi hakijaongezwa, shuku chumvi kwanza. Usilazimishe: ukivuka nguvu ya mwamba utaupasua. Visima vya zamani navyo vitazamwe mapema, kwa kuwa saruji iliyopasuka ni njia ya mkato kwenda juu. Eneo la Quest lina vichache sana vinavyofika kina hicho.