Vile nimezalisha gapi hapa Nairobi hadi wakajaa tenki tatu

Mtu asikudanganye ati gapi, hawa samaki wadogo wa rangi tunaofuga nyumbani kwa tenki, ni wagumu kuzaa. Gapi huzaa wenyewe. Weka dume na majike wawili watatu kwa maji mazuri yenye joto, na kwa mwezi hivi utaona vifaranga. Shida ni kwamba ukichelewa kuangalia hutawapata, wameliwa, na aliyewala ni mama yao mwenyewe pamoja na wale wengine wote mle ndani. Kwa hivyo swali si utawafanya wazae aje, swali ni watoto watabaki hai aje, na kwa sisi watu wa Nairobi kuna swali la pili, Julai utawapitisha aje. Hayo mawili ndiyo nimeyashinda na sioni haya kusema nimeyashinda, kwa sababu nilishauriwa vibaya sana mwanzoni na samaki wengi wakafa kwa ajili ya ule ushauri.

Nianze na maji maana hapo ndipo watu wanapotezwa. Jamaa mwenye aliniuzia wale wa kwanza aliniambia kila wiki nimwage maji yote, nioshe mawe na sabuni, niweke maji mapya ya mfereji na konzi ya chumvi. Jamani! Karibu kila kitu hapo ni kibaya. Samaki akitoa uchafu na chakula kikioza ndani ya tenki inatokea amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaokaa kwenye mawe na kwenye sponji ya filta, hao wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia ikiwa kidogo. Tenki jipya huchukua kama wiki nne mpaka sita hivi hao bakteria wazoee na waongezeke. Sasa ukiosha mawe na sabuni umewaua wote, umerudi mwanzo, kisha umemwagia samaki klorini juu yake. Mimi natoa robo ya maji kwa wiki, basi. Maji mapya yanalala kwenye ndoo wazi siku nzima ndio klorini itoke, na sponji naikamua ndani ya yale maji niliyotoa kwa tenki, kamwe si chini ya mfereji.

Kingine ambacho hakuna mtu aliniambia ni kwamba gapi hupenda maji magumu, yenye madini, na maji mengi tunayotumia hapa mjini yanatoka bwawa la Ndakaini, ni ya mvua na mito ya Nyandarua, maji laini kabisa. Ni matamu kwa chai lakini gapi kwa maji laini sana hukunja mapezi, hutikisika tikisika mahali pamoja, hawanawiri. Kuna vitu vya kuongeza madini wanauza kwa maduka ya samaki, chupa ndogo bei ya kuumiza. Mimi nilienda agroveti nikanunua chokaa ya kuku, ile ya mawe madogo madogo wanalishwa kuku wa mayai, nusu kilo ni pesa kidogo sana. Nikaisuuza mpaka maji yakawa safi, nikatia konzi moja kwa kipande cha soksi ya nailoni nikafunga, nikaiweka pale filta inatoa maji. Inayeyuka polepole yenyewe. Hiyo soksi imekaa miezi na miezi na tofauti niliiona kwa mikia, inafunguka yote.

Sasa Julai. Gapi asili yake ni Trinidad, Venezuela na pande hizo, hata jina lilitokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad na mwaka 1866 wakapewa jina lake. Huko kwao ni joto mwaka mzima. Hapa kwetu Julai usiku inashuka mpaka nyuzi 12 hivi nje, na nyumba zetu hazina cha kupasha joto, maji ya tenki yanafuata baridi ya ukuta. Wanaokwambia gapi hahitaji hita Nairobi hawajawahi kuzalisha, wamefuga tu. Atakuwa hai kwa nyuzi 19 lakini mimba inachelewa, vifaranga hawakui, na magonjwa yanaingia. Nunua hita, ya wati 50 inatosha tenki la lita arobaini au hamsini, ilinigharimu kama elfu moja na mia kadhaa, na uweke maji kwa nyuzi 25 au 26. Tenki lisikae karibu na dirisha wala ukuta wa nje. La kwangu liko kwa pembe ya jikoni.

Na stima ikipotea? Funika tenki na blanketi pande zote, acha nafasi juu. Jaza chupa mbili za soda na maji moto, funga vizuri, zielee ndani, zikipoa badilisha, lakini si zote kwa mara moja maana joto likiruka ghafla ni mbaya kuliko baridi yenyewe. Na pampu ya hewa nayo imezimika, usisahau hilo. Sisi tuko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, maji yetu yanashika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa. Kwa hivyo nachota maji na kikombe nayamwaga kutoka juu, yaanguke kwa kelele, narudia mara kadhaa, baada ya muda tena. Nimewahi kufanya hivyo usiku mpaka stima ikarudi na asubuhi wote walikuwa wazima.

Haya, tuje kwa vifaranga. Yule jamaa aliyeniuzia wale wa kwanza aliniuzia pia kisanduku cha plastiki cha kuzalishia, kidogo, unamweka jike mwenye mimba ndani yake peke yake. Sikipendi kile kitu hata kidogo. Jike akiwekwa mle anagonga kuta, anapanda na kushuka, hatulii, hali, na jike mwenye woga hushikilia mimba au hutoa watoto kabla hawajakomaa. Wa kwangu alizaa mle na vifaranga wengi walikuwa bado na kiini cha yai tumboni, wakalala chini wakafa mmoja mmoja huku naangalia. Iliniuma. Nikaamua jike azalie pale pale alipozoea na mimi nitafute namna ya kuficha watoto.

Kila mtu alisema majani, nunua majani ya majini. Sawa, majani ni mazuri, lakini yale niliyopata yalikuwa yameletwa na konokono na mengine yakaoza. Ndio siku moja nimekaa ngazini na shosho wa nyumba ya chini, yeye hufuma sweta za wajukuu, na kando yake kuna kile kifurushi cha uzi wa kijani kibichi. Nikauangalia ule uzi vile umejazana na nikaona jibu langu liko hapo.

"Shosho, naomba huo wa kijani uliobaki."

"Wa nini, na wewe hufumi?"

"Wa samaki."

Akaniangalia kwanza. "Samaki siku hizi wanasikia baridi mpaka wanafumiwa?" Lakini akanipa, tena akanipa na mwingine.

Lazima uwe ule uzi wa kutengenezwa kiwandani, wa nailoni au akriliki. Wa pamba na wa manyoya ya kondoo utaoza majini. Niliuchemsha kwa sufuria nzee, nikamwaga maji, nikachemsha tena mpaka maji yakabaki meupe, hakuna rangi inatoka. Nikauzungusha kwa kitabu kikubwa mara nyingi sana, nikafunga upande mmoja kwa nguvu, nikakata ule mwingine, ukawa kishada kinene cha urefu wa shibiri. Juu nikafunga kichupa kitupu cha plastiki cha dawa ya kikohozi, kifuniko kimekazwa, ndio kielee. Nikatengeneza vinne vya namna hiyo, nikavitupa kwa tenki vyote upande mmoja. Uzi ulitanuka ndani ya maji ukashuka ukafunika ile kona yote, kijani tupu, na gapi wakubwa wakijaribu kupita wanarudi, tumbo haliingii.

Siku ya jike kuzaa unaijua ukizoea. Lile doa jeusi karibu na mkia linakuwa kubwa, tumbo linapanuka mpaka ukimwangalia kutoka mbele lina pembe, na anajitenga, anakaa karibu na hita. Ilikuwa jioni, nimezima taa ya tenki nimeacha ya jikoni tu. Kifaranga anatoka amejikunja kama punje ya ndengu, anashuka kidogo, unafikiri amekufa, halafu anajikunjua, unaona macho mawili meusi na mwili unaopitisha mwanga, na papo hapo anakimbia. Hajafundishwa na mtu. Wengine walikimbilia mawe, wengine wakapanda juu moja kwa moja mpaka kwa uzi, wakaingia. Dume mmoja akamfuata mmoja, akafika kwa nyuzi akasimama. Niliruka pale jikoni peke yangu.

Asubuhi unachukua bakuli, unalizamisha chini ya kishada polepole, unainua vyote pamoja, unakitikisa kidogo, vifaranga wanabaki kwa bakuli. Wanaenda kwa tenki lao dogo lenye maji ya tenki lile lile. Jike mchanga wa mimba ya kwanza anaweza kutoa chini ya kumi, lakini jike mkubwa hutoa ishirini, arobaini, hata zaidi. Na kwa hiki kishada nilipata wengi kuliko nilivyowahi kuona kwa kile kisanduku, wala sikumshika mama hata kidole.

Chakula cha vifaranga, usiwape mkate, mkate unaharibu maji tu. Mimi natumia omena. Toa kichwa na matumbo, kausha kwa kikaango moto mdogo bila mafuta, twanga mpaka iwe unga kabisa, kisha chekecha na kitambaa chepesi. Unga ule unaobaki juu wape wakubwa. Mara moja moja nawapa kiini cha yai la kuchemsha, lakini nasema kile cha kushika ncha ya kijiti cha meno, yai likizidi maji yananuka kesho yake. Mwenye pesa anunue mayai ya artemia, viumbe vidogo sana vya majini, yanaanguliwa kwa maji ya chumvi kwa siku moja au siku moja na nusu, vifaranga wanakua haraka sana nayo, mimi nanunua nikiwa nimeuza. Wape kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku na uwabadilishie maji kidogo kidogo mara nyingi kuliko wakubwa.

Kuhusu rangi, hapa watu wananipigia simu wakilalamika. Amenunua jike, amemweka na dume mwekundu mzuri, watoto wametoka wa kijivu. Jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, anaweza kuzaa mara kadhaa bila dume yeyote karibu. Yule uliyenunua dukani alikuwa tayari ameshapandwa na dume wa dukani, kwa hivyo hao ni watoto wa huko. Ukitaka rangi yako, tenganisha vifaranga wakiwa na wiki tatu au nne. Angalia pezi la chini karibu na mkia, kwa dume linaanza kuwa jembamba na refu limelala nyuma, kwa jike linabaki pana lenye pembe tatu. Hapo ndio utakuwa na majike safi, ukiwapeleka kwa dume unayemtaka unajua baba ni nani. Na usiwazalishe ndugu kwa ndugu vizazi vingi, tafuta dume wa nje, badilishana na mwenzako wa mtaa mwingine.

Wakizidi usiwamwage mtoni tafadhali, hawa ni wageni hapa na wanazaa haraka mno. Mimi wengine nawapa watu wenye matangi ya maji ya mvua, wanakula viluwiluwi vya mbu. Wazuri nauza, bei inategemea mkia na tunavyoelewana. Mteja akija namfungia na maji yangu, na namwambia akifika aache mfuko uelee kwa tenki lake kama nusu saa, kisha aongeze maji yake kwa mfuko kikombe kimoja kimoja, halafu amtoe samaki na wavu na yale maji ya mfuko ayamwage kwa sinki. Nampa na kishada kimoja cha uzi bure. Shosho sasa ananiwekea mabaki yote ya kijani.